Mwenye Macho na Aambiwe Tazama

Mwezi wa Oktoba, miaka kadhaa iliyopita, tulipanda basi asubuhi pale Mafinga kwenda Mbeya. Tulikuwa na shughuli huko ambayo tutaieleza mbele. Tulipokwisha kupita Makambako na kuteremka mpaka uwanda wa Usangu, baridi ya Mufindi ikatuacha, watu wakaanza kuvua masweta na kufungua madirisha. Karibu na Chimala, mtoto mmoja wa miaka kama sita aliyepakatwa na bibi yake akapiga kelele: "Bibi, maji! Barabara imejaa maji!"

Watu wazima wakacheka. Lakini tulipoinua macho kutazama mbele, nasi tuliyaona. Lami ilikuwa inameremeta kama ziwa, na lori lililokuwa linakuja upande wetu lilionekana kama linaogelea, na kivuli chake kimeanguka chini yake kama kitu kinachojitazama katika maji. Bibi akamwambia mjukuu wake kwa upole: "Hayo si maji, baba. Ni jua tu. Utayaona mpaka Igurusi wala hutayafikia."

Mtoto akasema: "Lakini bibi, nayaona."

Bibi akajibu: "Hata mimi nayaona."

Maneno hayo ya bibi hatujayasahau. Yeye alikuwa amepita njia ile mara nyingi, tena alijua hakika ya kwamba hakuna tone la maji pale. Hata hivyo macho yake yalimwonyesha maji sawasawa na macho ya mjukuu wake. Ujuzi wake haukumwondolea yale maji. Ulimwondolea kuyaamini tu. Basi tungependa leo tulifikirie jambo hili pamoja: ikiwa macho ya mtu mwenye akili timamu, mchana kweupe, yaweza kumwonyesha kitu kisichokuwapo, je, mtu akidanganyika hivyo ana hatia? Na je, ana wajibu gani kabla hajafumbua kinywa na kusema, "Nimeona"?

Kwanza tueleze kidogo mambo yalivyo. Yale maji ya barabarani huitwa mazigazi. Adhuhuri jua linapopiga lami, hewa iliyo karibu na chini hupata joto kali na kuwa nyepesi kuliko ile iliyo juu yake. Mwanga utokao mbinguni ukishuka ndani ya hewa hiyo hupinda, ukainuka tena na kuingia machoni petu. Lakini macho yetu na ubongo wetu vimezoea kwamba mwanga huja moja kwa moja bila kupinda. Kwa hiyo vyadhani ya kuwa mwanga ule umetoka chini barabarani, na kile kipande cha mbingu twakiona ardhini. Mbingu iliyo chini, inayometameta: ubongo una jina moja tu la kitu kama hicho, nalo ni maji. Kwa hiyo mwanga haukusema uongo, na macho yameupokea ulivyokuja. Kosa limeingia katika kuufasiri.

Hali ni hiyo hiyo katika mengine mengi. Ukisimama penye kituo kidogo cha reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ukatazama mbele mahali iliponyooka, utaona zile reli mbili zinakaribiana mpaka zinakutana. Hakuna aliyewahi kuogopa kwamba treni itabanwa. Lakini chora mistari miwili inayokaribiana juu kama reli hizo, kisha ulaze vijiti viwili vilivyo sawa katikati, kimoja chini na kimoja juu. Kile cha juu kitaonekana kirefu zaidi. Mtaalamu mmoja wa Kiitalia, Mario Ponzo, aliueleza mchoro huo mwanzoni mwa karne ya 20. Ubongo wajisemea: "Hiki kiko mbali, tena kimejaza nafasi ile ile, basi lazima ni kikubwa." Wafanya hesabu bila kutuuliza.

Wako wengi wanaofikiri kwamba mwezi huwa mkubwa unapochomoza nyuma ya milima, kisha hupungua ukipanda. Sivyo. Kunja karatasi iwe bomba jembamba, uutazame mwezi kwa jicho moja unapochomoza, na uutazame tena saa nne usiku. Utaona ukubwa ni ule ule. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri na kufariki yapata mwaka 1040, aliandika zamani hizo kwamba ukubwa ule umo katika fikira za mtazamaji, haumo angani.

Tena liko jambo la ajabu zaidi, na kila mmoja aweza kulijaribu nyumbani. Chora msalaba mdogo upande wa kushoto wa karatasi, na nukta nene upande wa kulia, umbali wa sentimeta 8 hivi. Fumba jicho la kushoto, kaza jicho la kulia kwenye msalaba, kisha isogeze karatasi polepole, yapata sentimeta 30 kutoka usoni. Mahali fulani ile nukta itatoweka kabisa. Nyuma ya jicho, pale mshipa unapotokea kwenda ubongoni, hapana uwezo wa kuona. Kila mmoja wetu ana kipande cha upofu katika kila jicho, tangu kuzaliwa, wala hakisikii. Hakioni kama tundu jeusi, kwa sababu ubongo hulijaza tundu hilo kwa rangi ya karatasi iliyo kando yake. Hatuoni, tena hatujui kama hatuoni.

Labda msomaji atasema, "Hayo huwapata wasiosoma." Hapana. Mwaka 1966 wataalamu watatu wa Marekani, Segall, Campbell na Herskovits, walitoa kitabu cha uchunguzi wao. Waliwaonyesha watu wa mataifa mbalimbali, wakiwamo Wanyankole na Watoro wa Uganda, michoro ya kudanganya macho. Mmoja wao ni ule wa Müller-Lyer wa mwaka 1889: mistari miwili iliyo sawa, mmoja umetiwa ncha za mkuki pande zote mbili, wa pili umetiwa panda zilizotawanyika nje kama za manati. Ule wenye panda huonekana mrefu zaidi. Waliodanganyika kuliko wote walikuwa watu wa mji wa Evanston, karibu na Chicago, si Waafrika wa vijijini. Wataalamu hao walidhani sababu ni kwamba watu wa mijini wamekulia kati ya nyumba zenye pembe nyingi, na macho yao yamezoea kuzifasiri pembe hizo. Wengine wanabishana nao kuhusu sababu mpaka leo. Lakini jambo moja latupasa tulikumbuke: kusoma hakumwondolei mtu kudanganyika, na pengine mazoea ya shule na ya mji huongeza.

Wala tusimcheke mwingine. Colin Turnbull, Mwingereza aliyekaa na Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo ya mashariki, alisimulia katika kitabu chake cha 1961 habari za kijana aitwaye Kenge. Siku moja alimchukua kutoka msituni mpaka uwanda wa Ishango, karibu na Ziwa Edward. Kenge aliona nyati wakila majani mbali sana, akauliza ni wadudu gani wale. Alipoambiwa ni nyati, alicheka akadhani anatania. Gari liliposogea na wale "wadudu" wakazidi kukua, aliona huo ni uchawi. Kijana huyo hakuwa mjinga. Porini kwao alikuwa na macho makali kuliko ya mgeni wake. Lakini msituni hakuna mahali pa kutazama mbali, na macho yake hayakuwa yamefundishwa umbali. Sisi tuliozaliwa milimani, tukisimama juu ya Loleza na kuyaona malori ya barabara kuu kama mende, hatushangai, kwa kuwa tumefundishwa tangu utoto. Hata hivyo nasi tuna ya kwetu. Mwezi wa Septemba, moshi wa mashamba na vumbi vinapotanda, mlima Rungwe huonekana mbali sana. Mvua za kwanza zikisafisha hewa, watu husema mlima umesogea. Na katika ukungu mambo hugeuka: mtu aliye karibu huonekana kama yuko mbali, na kwa sababu hiyo huonekana jitu.

Hapa twafika kwenye ile shughuli iliyotupeleka Mbeya.

Katika kijiji kimoja cha Mufindi, mwezi wa Julai, viazi viliibwa katika ghala ya mama mmoja mjane. Ukungu wa huko wakati wa baridi mnaujua; mtu haoni mlango wa jirani yake. Mzee mmoja, mcha Mungu, ambaye hata watoto wanajua kwamba hasemi uongo, alikuwa ameamka alfajiri kwenda kukamua ng'ombe. Akasema amemwona mtu mrefu sana, mwenye koti refu jeusi, akitoka upande wa ghala na gunia begani. Hakutaja jina. Lakini katika kijiji kile mtu mrefu sana mwenye koti refu jeusi alikuwa mmoja tu. Kabla jua halijapanda, jina lilikuwa limekwisha kutajwa na watu ishirini, na kila mmoja alisema, "Mzee amemwona."

Hapakuwa na polisi wala baraza. Hapakuwa na kipigo pia, na kwa hilo tulijisifu. Ila watu waliacha kumsalimu. Ile "kamwene" ya asubuhi ikakatika. Watoto wake waliitwa kisimani watoto wa mwizi. Mkewe alikuwa akiketi peke yake kwenye benchi la kanisa, na sisi tuandikao haya tuliketi benchi la nyuma yake, wala hatukusogea. Baada ya miezi mitano walifunga mizigo wakahamia upande wa Uyole, Mbeya.

Mwaka wa pili yake kijana mmoja, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na minne, aliungama kwamba ni yeye aliyeiba viazi vile. Alikuwa amevaa koti la marehemu baba yake, nalo lilimfika vifundoni. Ni mfupi, hata sasa. Yule mzee alipoelezwa alilia, akarudia mara nyingi: "Lakini nilimwona. Alikuwa mrefu."

Nasi twaamini kwamba alimwona mrefu. Ukungu ulimsogeza mtoto mbali, na ubongo wa mzee, ukimdhani yuko mbali, ukamfanya jitu. Mzee hakusema uongo hata neno moja. Mama mjane hakusema uongo. Sisi wengine hatukusema uongo. Kijiji kizima cha watu wasiosema uongo kilimfukuza mtu asiye na kosa. Basi, hatia iko wapi? Maana dhuluma ilikuwapo. Mtu aliacha shamba lake na nyumba yake.

Tumelitafakari swali hilo, na jibu twaliona kwa kulitazama neno letu lenyewe. Kiswahili chatumia "kuona" kwa mambo mawili. Twasema "naona mlima," yaani macho yangu yauona. Twasema pia "naona amekosea," yaani nafsi yangu yahukumu hivyo. Na kutoka neno hilo hilo twapata "maoni". Lugha imeyaweka nyumba moja kwa sababu ni ndugu, lakini ndugu wawili si mtu mmoja. Mzee aliona umbo refu jeusi; hilo lilikuwa la macho. Kijiji kikaona mwizi; hayo yalikuwa maoni. Katikati ya kuona kule na kuona huku kuna hatua, na hatua hiyo huichukua mtu mwenyewe, kwa hiari yake. Kwa macho kudanganyika hatuna hatia, kama bibi wa basini hana hatia kwa kuyaona maji. Hatia huanza pale tunapoichukua hatua ile ya pili kwa haraka, kana kwamba haipo.

Katika Wafalme wa Pili, sura ya tatu, Wamoabu waliamka asubuhi, jua likawaka juu ya maji, wakayaona maji mekundu kama damu. Wekundu ule waliuona kweli. Kisha wakasema, hii ni damu, wale wafalme wameuana, twende tukateke nyara. Wakakimbilia kambi ya adui walio hai, wakapigwa. Wekundu ulikuwa machoni. Damu ilikuwa katika tamaa yao. Walitaka iwe damu. Na wengi wetu hudanganyika zaidi upande ule ambao moyo umekwisha kuegemea. Yule mtu wa Mufindi hakuwa akipendwa sana kijijini. Alikuwa mkimya, tena alikuwa amewahi kubishana na watu juu ya mpaka. Kama koti lile lingekuwa linafanana na koti la mtu tumpendaye, bila shaka tungesema, "Hapana, ni ukungu tu."

Tena twajua wekundu mwingine. Usukumani, mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kwa miaka mingi wako akina bibi waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na watu wakasema wekundu ule ni alama ya uchawi. Macho yale yalikuwa mekundu kweli; aliyetazama hakukosea. Lakini bibi aliyepika maisha yake yote kwa moto wa mavi makavu ya ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwaje? Aliharibiwa na moshi alipokuwa akiwalisha watu, na wekundu ule ule ukawa hukumu yake. Tusiseme hayo ni ya mbali. Jiko lenye moshi liko hata kwetu, na ulimi mwepesi uko.

Sasa atatokea mtu aseme: "Kama ni hivyo, tusiamini macho kabisa. Wezi watafurahi, maana hakuna shahidi atakayekubaliwa." Hoja hiyo ina nguvu, lakini haifiki. Tulijuaje kwamba maji ya Usangu si maji? Kwa macho: tulisogea, tukaiona lami kavu. Tulijuaje kwamba vijiti viko sawa? Kwa macho: tuliweka rula. Jicho hurekebishwa kwa kutazama zaidi, si kwa kufumbwa. Anayetupa ushahidi wote wa macho kwa sababu ya mazigazi ni sawa na mtu anayeacha kula kwa sababu aliwahi kuumwa tumbo.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililiweka jambo hili vizuri mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ambalo mahakimu hulitaja hadi leo. Majaji walisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina iliyo dhaifu kabisa, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa kumfananisha mtu, na kuridhika kwamba ushahidi huo hauna shaka. Iulizwe: shahidi alimtazama kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na mwanga ulikuwaje? Je, alimjua mtu yule kabla? Majaji hawakusema shahidi ni mwongo, wala hawakumfukuza. Waliagiza aulizwe. Laiti mmoja wetu angemwuliza mzee yule swali moja tu: "Ukungu ulikuwaje, mzee?"

Yako mambo matatu ambayo twafikiri yanatupasa.

La kwanza ni kusema tulichoona, bila kuongeza. Yule kipofu wa Bethsaida, alipofunguliwa macho kwa mara ya kwanza, alisema kwamba anawaona watu, lakini kama miti inayotembea. Hakusema "naona vizuri" ili kumpendeza Bwana, wala hakusema "naona miti." Alieleza hali ya macho yake ilivyo, na kwa kusema hivyo akaguswa mara ya pili, akaona sawasawa. Shahidi mwema ni yule asemaye: niliona umbo, lilikuwa hivi, ukungu ulikuwa hivi, na zaidi ya hapo sijui.

La pili ni kutafuta kipimo kilicho nje yetu. Fundi mwashi mwenye kazi ya miaka thelathini bado hubeba timazi na pima maji. Mwulize kwa nini, naye atakuambia ukuta uliopinda huonekana umenyooka ukiwa umeutazama tangu asubuhi. Huko Machakos, Kenya, pahali paitwapo Kituluni, watu huenda kustaajabia gari lililozimwa injini likipanda kilima lenyewe, na maji yakimwagwa hutiririka kama yanapanda. Kwa kweli barabara ile inateremka. Vilima vya kando ndivyo vinavyofanya mteremko uonekane mwinuko. Hata wakisimama watu mia moja pale, wote wataona mwinuko. Kwa hiyo tusitegemee wingi wa mashahidi ikiwa wote wamesimama mahali pamoja, au wote wamesikia kwa mtu mmoja. Watu ishirini wa Mufindi walikuwa jicho moja tu lililorudiwa mara ishirini. Afadhali mmoja aliyesimama upande mwingine.

La tatu ndilo gumu kuliko yote: kutenda kinyume cha macho hata yanapoendelea kudai. Dereva anayeteremka Kitonga, akiisha kupita mahali penye mteremko mkali na kufika penye mteremko mdogo, huona kana kwamba amefika tambarare, na hushawishika kuachia gari. Dereva mwangalifu hubaki kwenye gia nzito kwa sababu kibao kimemwambia, ingawa macho yanambishia. Ndivyo ilivyo na dhana mbaya juu ya mtu. Twaweza kujua hakika kwamba hana kosa, na bado tukimwona moyo ukasema "mwizi." Tusikate tamaa kwa sababu hiyo, wala tusidhani toba yetu ni ya uongo. Bibi aliendelea kuyaona maji mpaka Igurusi, lakini hakumwambia dereva asimame achote. Tumsalimu kwanza, macho yatafuata baadaye, au hayatafuata, na salamu itabaki salamu.

Tulifika Uyole jioni. Yule mtu alitupokea, akatuwekea viti nje, mkewe akaleta chai. Mzee mwenyewe alikuwa pamoja nasi, ameshika kofia yake mkononi. Tukasema yaliyotupeleka. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Shikamoo mzee, na karibu kwangu. Wewe sina neno nawe. Ulisema ulichokiona, na jina langu hukulitaja." Kisha akatugeukia sisi wengine. "Lakini ninyi tuliishi pamoja miaka kumi na mmoja. Kwa miezi mitano yote ile, hakuna hata mmoja aliyekuja mlangoni kwangu kuniuliza."

Hatukuwa na la kujibu. Kila aliyekulia Mufindi ajua kwamba ukungu ukiwa mzito dawa yake ni moja: kusogea karibu. Kutoka mlango wetu mpaka mlango wake zilikuwa hatua mia mbili tu. Tuliomba msamaha, naye alitusamehe; lakini hakurudi kijijini, na shamba lile sasa lalimwa na mwingine.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Walikuwa na maana yao, nasi twawaheshimu. Lakini tangu siku ile sisi husema: mwenye macho na aambiwe tazama. Aambiwe asogee, aulize, atazame tena kwa upande wa pili, kisha ndipo aseme. Na kama kuna jirani ambaye wewe msomaji umeacha kumsalimu kwa ajili ya jambo "lililoonekana," kesho asubuhi, kabla ya shughuli nyingine, zihesabu hatua za kwenda mlangoni kwake. Huenda si nyingi.